Kinachobaki sufuriani

*Shangazi, binti yangu ana miaka 15. Amekonda mpaka majirani waniuliza kama ni mgonjwa. Akichota maji hutweta, na nikipeta mchele humkuta akiutafuna mbichi. Nimenunua vidonge vya kunenepesha huko Ukunda. Mtoto ana adabu sana: huwapakulia baba yake na kaka zake watatu, yeye hula mwisho kinachobaki sufuriani, wala halalamiki. Nimpe vidonge mara ngapi kwa siku?*
Mama, Msambweni

Mwanangu, umeuliza vidonge, lakini jibu umeliandika mwenyewe pale unapomsifu. Wanaume wanne wakishakula, hubaki nini? Ukoko na mchuzi usio na kipande. Binti yako ana njaa, na njaa yake wewe waiita adabu.

Wataalamu wa lishe wa Marekani wanasema msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku. Mvulana wa rika lake, 11. Sababu waijua: kila mwezi damu yamtoka msichana. Kwako, anayehitaji zaidi ndiye wa mwisho. Huko kutweta na huo mchele mbichi vyanitia shaka kwamba amepungukiwa damu.

Najua hukuanzisha wewe. Hata mimi nililelewa hivyo, tukisubiri jikoni mpaka masinia yarudi. Lakini adabu ni kusalimu wakubwa na kupokea wageni. Kushinda na njaa nyumbani kwenu wenyewe hakumo. Na hao wavulana wajifunza nini kila jioni? Kwamba dada ni mkono wa kupakua. Kesho wataoa mabinti wa watu.

Leo mwiko ushikwe na kaka mkubwa. Sahani ya binti itangulie za kaka zake, na kitoweo kiwemo: samaki, dagaa, kunde, mchicha, akamulie na ndimu. Chai ya rangi isifuate chakula. Inazuia chuma kuingia mwilini. Ainywe baada ya saa moja au mbili.

Vidonge, hapana! Dawa nyingi za kunenepesha zinazouzwa kiholela huwa na deksamethasoni, inayovimbisha uso na kudhoofisha mifupa, au siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi na kuamsha hamu ya kula. Hamu anayo, asichokuwa nacho ni sahani. Ikiwa umeshaanza kumpa, mwoneshe daktari pakiti hiyo.

Mpeleke hospitali ya rufaa Msambweni apimwe damu. Kwa umri wake, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Apimwe mkojo na choo pia, maana kichocho na safura tunavyo huku Kwale, na vyote hupunguza damu.

Jambo moja limeniuma zaidi. Umetaja watu watano wanaokula nyumbani kwako, na wewe humo. Siku hiyo hiyo, mwanangu, upimwe na wewe.