SOMO LETU: MAJI YA JIRANI NA UKUTA WA SHIMO

Wilayani Handeni watu huchimba dhahabu, kama kule Magambazi. Wilayani Korogwe, huko Kalalani, huchimba vito. Wengi wetu tuna kijana au ndugu aliyeko machimboni. Leo tujifunze jambo moja: kwa nini ukuta wa shimo huanguka hata siku ya jua?

Hebu tufanye jaribio. Chukua mchanga wenye unyevu kidogo. Tengeneza lundo ndani ya sinia. Lundo linasimama vizuri. Sasa mwaga maji polepole nyuma ya lundo, siyo juu yake. Ngoja. Maji yanapita chini kwa chini. Kitako cha lundo kinalowa, kinalegea, na lundo linabomoka. Wala hakuna aliyeligusa!

Ndivyo ilivyo shimoni. Maji hufanya mambo matatu:

1. Huongeza uzito. Debe la udongo uliolowa ni zito kuliko debe la udongo mkavu.

2. Hujaa katikati ya chembe za udongo. Chembe hazishikani tena.

3. Huingia katika nyufa za mwamba na kuusukuma ukuta kuelekea shimoni.

Je, maji hayo hutoka wapi? Siyo mvua peke yake. Lambo la ng'ombe, kijito, au bwawa la kuoshea mchanga wa dhahabu, likiwa karibu na shimo, maji yake hupenya ardhini. Hayaonekani, na hayana haraka. Ndiyo maana mvua inaweza kukatika leo, na ukuta ukaanguka siku kadhaa baadaye.

Januari 2024, huko Ng'alita, wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, kifusi kiliwafukia wachimbaji. Watu 22 walikufa. Mvua kubwa zilikuwa zimenyesha, na walikuwa wamekatazwa kuchimba pale.

Sasa tufanye nini?

- Bwawa la kuoshea liwe mbali na shimo, tena upande wa bondeni.
- Chimbeni makinga maji upande wa juu, ili maji ya mvua yapite pembeni.
- Msirundike kifusi ukingoni. Nacho ni mzigo.
- Ukuta usiwe wima. Uchimbwe kwa ngazi ngazi.
- Kila asubuhi, kabla ya kushuka, kagueni. Mkiona ufa mpya ukingoni, maji yanatoka ukutani, au vijiwe vinadondoka, msishuke. Aliye ndani atoke mara moja.

Mwenye shimo atasema siku inapotea. Ni kweli, siku itapotea. Lakini siku iliyopotea hulipwa kesho. Mtu aliyefukiwa halipwi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Maji hufanya mambo gani matatu kwenye ukuta wa shimo?

2. Kwa nini ukuta unaweza kuanguka baada ya mvua kukatika?

3. Machimbo ya karibu nanyi yana bwawa? Liko upande gani wa shimo?

Msomee somo hili jirani anayekwenda machimboni.