Krenki Inacheza? Jua Kwanza Inacheza Kuelekea Wapi

Injini imefungwa upya: pistoni mpya, beringi mpya, sili mpya. Unashika flaiwili, unaitikisa, kitu kinasogea ndani. Hapo wengi hukamata spana na kuanza kufungua tena. Ngoja kidogo. Krenki ina plei za aina kadhaa, na mojawapo imewekwa na kiwanda kwa makusudi. Vidokezo hivi vinahusu injini za silinda moja za mipigo miwili, kuanzia DT125 ya kazi za mashamba hadi YZ125 inayorushwa kwenye viwanja vya motokrosi.

1. Tofautisha upande na juu-chini.
Konrodi inatakiwa iteleze kidogo kushoto na kulia kwenye pini ya krenki, ili oili ipate njia. Pima nafasi hiyo kwa fila geji. Katika injini nyingi za aina hii nafasi ya kawaida ni kama robo hadi robo tatu ya milimita, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Ncha ya juu ya konrodi nayo huyumba kidogo pembeni. Hilo lisikukoseshe usingizi.

Juu-chini ni habari nyingine kabisa. Hapo hatutaki kuhisi chochote. Simamisha krenki, shika konrodi kwa mikono miwili, ivute juu kisha isukume chini bila kuizungusha. Ikigonga, hata kidogo, beringi ya chini imekwisha au ilifungwa vibaya. Osha oili kabla ya kupima, kwa sababu oili hujaza nafasi na kuficha plei. Ukimaliza, paka oili tena papo hapo.

2. Silinda imeshafungwa? Tumia kijiti.
Toa plagi, ingiza kijiti laini cha mbao hadi kiguse pistoni, kisha zungusha flaiwili mpaka pistoni ifike katikati ya safari yake. Sasa isogeze flaiwili kidogo mbele na nyuma. Kijiti lazima kiitikie papo hapo. Flaiwili ikisogea kwanza na kijiti kikafuata baadaye, kuna plei kwenye ncha mojawapo ya konrodi. Ng'oa silinda peke yake, kagua pini ya pistoni na beringi yake, na uache kasha la krenki lilivyo mpaka ncha ya juu iwe imethibitika kuwa nzima.

Tafadhali usipime pistoni ikiwa juu kabisa. Pale juu krenki huzunguka digrii kadhaa huku pistoni ikiwa karibu imesimama, hata kwenye injini iliyotoka kiwandani jana. Konrodi nzima nyingi zimetupwa kwa sababu ya kipimo hiki kimoja.

3. Beringi kubwa za krenki.
Fungua kava ya flaiwili, shika flaiwili yenyewe, ipandishe na kuishusha. Ukihisi mgongano wa "kt" hata kidogo, weka daili geji ili namba iamue badala ya vidole. Beringi nyingi za krenki zina alama C3, maana yake nafasi ya ndani ni kubwa kidogo kuliko ya beringi ya kawaida. Nafasi hiyo hupungua beringi inapobanwa mahali pake. Kwa hiyo beringi ya C3 inayochezacheza ukiwa umeishika mkononi dukani haina kosa. Tazama pia ndani ya flaiwili: ukiona alama inayong'aa mahali ilipokwaruza koili, krenki inayumba kweli.

4. Je, beringi iliingia kwa moto au kwa mkono?
Hili ndilo swali ambalo ningependa kila fundi aulizwe. Kasha ni la alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya vyuma vingi vya beringi. Ndiyo maana tunapasha kasha hadi kama nyuzi 100, tunagandisha beringi kwenye friza, nayo inateleza mahali pake bila nyundo. Beringi ikiingia kwa kidole kasha likiwa baridi, tundu limelika. Injini itapimwa vizuri asubuhi, kisha ikipata moto beringi itazunguka ndani ya kasha na plei itajitokeza. Kubadilisha beringi tu hakutatibu hapo; tundu lenyewe linahitaji kutengenezwa na mtu wa mashine.

5. Krenki nzito kuzungusha nayo ni dalili.
Ikiwa ilikuwa laini kisha ikabana ulipokaza bolti za kasha, huenda beringi zimesukumwa pembeni. Gonga ncha za krenki taratibu kwa nyundo ya mpira, upande huu na ule, ikae katikati. Nyundo ya chuma ikae mbali. Krenki hizi zimeunganishwa kwa pini iliyobanwa kwa nguvu, na pigo moja baya huzipinda. Kupinda kwake hupimwa kwa daili geji: viwanda vingi hutaka isizidi milimita 0.03 hadi 0.05.

6. Vuta klachi kabla ya kulaumu krenki.
Mlio ukipotea unapobana mkono wa klachi, anza kuchunguza klachi. Mngurumo unaopanda pamoja na mwendo wa injini, unaousikia hadi kwenye nyayo, ndio wa beringi kubwa. Mlio wa kugonga unaozidi pikipiki inapobeba mzigo huelekeza kwenye konrodi. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kasha na mpini karibu na sikio, usikilize upande kwa upande.

7. Moshi na plagi.
Krenki ikiyumba, sili hazidumu. Sili ya upande wa klachi ikivuja, injini hunyonya oili ya giaboksi: moshi mweupe hautaki kuisha na plagi inalowa. Ya upande wa flaiwili ikivuja, huvuta hewa, mchanganyiko unapungua mafuta, na pistoni inaweza kukwama.

8. Chunguza beringi kabla ya kulipa.
Beringi bandia zipo sokoni. Maandishi hafifu, boksi lisilolingana na namba na bei ya kutupa ni sababu za kutosha kuondoka dukani.

9. Plei ya juu-chini ikithibitika, usiiwashe tena.
Hata kwa mzunguko mmoja wa kujaribu. Konrodi ikikatika hutoboa kasha, na gharama huhama kutoka seti ya beringi kwenda injini nzima. Fungua, badilisha beringi ya chini ya konrodi, beringi zote mbili kubwa na sili zake kwa pamoja, na osha kila kona ya kasha, kwa kuwa vipande vya chuma vilivyobaki ndani vitamaliza beringi mpya kabla hujafika kiwanjani.