HOMA YA INI B: UKOO WA VIRUSI SI UKOO WA MTU



Somo la toleo hili ni homa ya ini aina ya B. Tumelichagua kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia wenyewe katika shamba moja la miwa nchini Uganda. Vibarua waliofika kuandikwa kazi walipimwa damu. Waliokutwa na virusi walirudishwa makwao bila nauli na bila kuelezwa neno lolote. Haukupita muda, habari ikaenea katika laini za wafanyakazi kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa kaskazini. Watu wakakataa kula sahani moja na wenzao. Tulipoitisha mkutano wa mshahara mwezi uliofuata, wafanyakazi wa laini mbili hawakukubali kukaa pamoja. Mwajiri hakuhitaji kutugawa. Tulikuwa tumekwisha kujigawa wenyewe.

Kwa hiyo tujifunze. Mfanyakazi asiyejua hudanganywa mara mbili: kwanza na mwajiri, kisha na woga wake mwenyewe.

1. UGONJWA WENYEWE

Homa ya ini B huletwa na virusi vinavyoingia mwilini na kukaa katika ini. Tusiichanganye na homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu, ingawa magonjwa yote mawili yanaweza kuyageuza macho kuwa ya njano. Aliyegundua alama ya virusi hivi katika damu ni Baruch Blumberg wa Marekani, ambaye alitangaza habari zake mwaka 1965 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Virusi hupita katika damu na majimaji ya mwili: kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, mtoto kwa mtoto kwa vidonda na mikwaruzo, kwa kujamiiana, kwa sindano na kwa wembe wa kuchangia. Nje ya mwili vinaweza kuishi siku 7 au zaidi. Lakini havipiti kwa kushikana mikono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kunywa kikombe kimoja, wala kwa kulala chumba kimoja. Ndugu zetu waliotengwa katika shamba lile walionewa bure.

Jambo kubwa la kushika ni umri wa kuambukizwa. Katika watoto wachanga 100 walioambukizwa, karibu 90 hubaki na virusi maisha yao yote. Katika watu wazima 100, wanaobaki navyo hawafiki 5. Wengine miili yao huvifukuza. Hivyo mfanyakazi wa miaka 35 anayekutwa na virusi leo, mara nyingi alivipata akiwa mtoto mdogo kijijini kwao. Kumlaumu kwa tabia yake ni kumwonea.

Mtu anaweza kukaa na virusi miaka 20 au 30 bila kuumwa, huku akilima na kubeba mizigo kama kawaida. Kwa wengine ini huendelea kuumia kimya kimya, hujaa makovu na kuwa gumu, na mwisho huweza kuingia kansa. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu wazima wenye virusi vya kudumu, 20 hadi 30 katika kila 100 hufikia hatua ya makovu au kansa. Kwa hesabu yake ya mwaka 2022, watu milioni 254 duniani waliishi na virusi hivi, na watu milioni 1.1 walikufa kwa ajili yake mwaka huo.

2. VIRUSI VINA KOO

Virusi hivi vimeandikwa kwa herufi za urithi zipatazo 3,200. Mwaka 1988 wataalamu wa Japani walipanga virusi katika mafungu manne, A, B, C na D, kwa kuangalia tofauti za herufi hizo. Fungu moja likitofautiana na jingine kwa zaidi ya herufi 8 katika kila 100, huhesabiwa peke yake. Baadaye yakaongezwa mengine hadi J. Wataalamu huyaita jenotaipu. Sisi katika somo hili tutayaita koo, maana yanarithiwa na kuzaana kama koo.

Kila ukoo una nchi zake. Ukoo B na ukoo C wanakaa zaidi Asia ya Mashariki, kama China, Taiwan, Vietnam na Japani. Ukoo D umeenea nchi za Bahari ya Kati, Mashariki ya Kati na India. Ukoo E ni wa Afrika ya Magharibi, kuanzia Senegal hadi Nigeria, kisha unashuka hadi Kongo na Angola. Ukoo F na ukoo H ni wa Amerika. Ukoo A una matawi: tawi la A2 liko zaidi Ulaya, na tawi la A1 ndilo letu, Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Malawi na Afrika Kusini. Kongo zinakutana koo za A na E. Sudan kunapatikana ukoo D na ukoo E.

Tawi la A1 linapatikana pia India na Brazili. Wataalamu wanaona kwamba lilisafirishwa na watu: wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na mababu zetu waliochukuliwa utumwani. Virusi hufuata njia za watu na kazi zao.

Sasa turudi kwenye laini zetu. Uchunguzi wa damu uliofanywa Uganda mwaka 2005 ulikuta watu wazima wapatao 10 katika kila 100 wana virusi. Katika mikoa ya kaskazini walikuwa kati ya 18 na 24, na kusini-magharibi karibu 4. Ni kweli, basi, kwamba kaskazini walikuwa wengi zaidi. Lakini ukoo ulioenea zaidi nchini ni ule ule A, kaskazini na kusini. Mtu wa Arua na mtu wa Kabale wakiambukizwa, njia ni zile zile na ini linaumia vile vile. Kabila halina virusi. Utoto usio na chanjo ndio wenye virusi.

3. KILA UKOO NA MWENDO WAKE

Je, koo hizi zinatofautiana kwa ukali? Ndiyo, kwa kiasi. Huko Asia, wenye ukoo C hupata kansa ya ini zaidi kuliko wenye ukoo B. Uchunguzi wa wenyeji wa Alaska, uliotolewa mwaka 2007, unatusaidia kuelewa sababu. Virusi vinapozaliana kwa nguvu huacha alama katika damu. Wenye ukoo C wengi waliendelea kuwa na alama hiyo hadi miaka ya 40 na zaidi. Wenye koo nyingine, nusu yao alama iliondoka kabla ya miaka 20. Ini lililopigwa miaka 40 halilingani na lililopigwa miaka 15.

Hii pia inaeleza njia za maambukizi. Mama wa Asia mwenye ukoo C mara nyingi bado ana virusi vingi sana anapozaa, kwa hiyo humwambukiza mtoto siku ile ile. Kwetu, akina mama wengi wenye ukoo A virusi vyao vimekwisha kupungua wakati huo, na watoto wengi zaidi huambukizana wakiwa wadogo katika michezo na vidonda. Lakini wapo akina mama wa kwetu ambao virusi vyao havijapungua, na hivyo chanjo ya siku ya kuzaliwa inahitajika hapa kama kule.

Tusijidanganye kwamba ukoo wetu ni mpole. Watafiti wa Afrika Kusini waliandika mwaka 2005 kwamba wenye ukoo A kule walikuwa na hatari ya kansa ya ini zaidi ya mara 4 kuliko wenye koo nyingine, na kwamba iliwapata wakiwa na umri mdogo zaidi.

4. FUNZO LA WACHIMBA DHAHABU

Wenzetu wa Msumbiji waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini katika karne iliyopita walikufa kwa kansa ya ini kuliko wachimbaji wengine, na wengi walikuwa vijana. Daktari Charles Berman, aliyefanya kazi katika hospitali ya migodi, alitoa kitabu juu ya kansa hiyo mwaka 1951, wakati virusi bado havijajulikana. Baadaye ilionekana kwamba chakula cha sehemu walizotoka kilikuwa na sumu nyingi ya kuvu, iitwayo aflatoksini. Sumu hii hutoka katika kuvu inayoota juu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi.

Uchunguzi wa Shanghai, China, uliotolewa mwaka 1994, ulipima mambo haya mawili pamoja. Aliyekula sumu bila kuwa na virusi, hatari yake ya kansa ilikuwa karibu mara 3. Mwenye virusi asiyekula sumu, karibu mara 7. Mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Ndugu, 3 na 7 hazikujumlishwa. Zilizidishwa, na zaidi ya kuzidishwa. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 kwa muda mfupi. Inayokula ini polepole haiandikwi magazetini.

Sasa tuangalie posho tunayopewa. Gunia likifika limeota kuvu, tunaambiwa tusage tu. Ukoo wa virusi hatuwezi kuuchagua. Gunia tunaweza kulikataa.

5. KINGA, TIBA NA MADAI YETU

Habari njema ni kwamba chanjo inakinga dhidi ya koo zote. Mtoto aipate ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kisha aendelee na nyingine. Mtu mzima huchomwa mara 3: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6. Uganda iliingiza chanjo hii katika chanjo za watoto mwaka 2002. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuzaliwa. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na kansa ya ini kwa watoto ikapungua karibu nusu katika miaka iliyofuata.

Kwa mwenye virusi ipo dawa ya tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, inayozuia koo zote. Si kila mtu anaihitaji. Daktari hupima ini na damu kwanza. Asiache kupimwa kwa kuwa anajisikia mzima, na aache pombe.

Kwa hiyo matawi yote yaingize haya katika mkataba wa kazi:

(a) Kupimwa kuwe kwa hiari na kwa siri. Asinyimwe mtu kazi kwa sababu ya virusi.

(b) Chanjo zote 3 zitolewe kwa gharama ya mwajiri na ndani ya saa za kazi.

(c) Wauguzi, wazoa taka na watoa huduma ya kwanza wapewe glavu. Shirika la Kazi Duniani limeiweka homa ya ini ya virusi katika orodha ya magonjwa ya kazini. Anayeipata kazini anastahili fidia.

(d) Mahindi ya posho yawe makavu, yakaguliwe na kamati ya wafanyakazi kabla ya kusagwa.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

Je, kuna mwenzetu anayetengwa katika laini zetu, na nani aliyeanzisha maneno hayo? Nani kati yetu amemaliza chanjo 3? Ghala la posho lilikaguliwa lini, na nani anashika ufunguo?

Jibuni swali la mwisho kwanza. Umoja ni nguvu.