Je, Yafaa Kubadili Prosesa ya Kompyuta ya Nyumbani?

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu turudipo nyumbani likizo hukuta kompyuta ya familia imekuwa nzito, nao wazee hutuuliza: tuibadili prosesa, tununue nyingine, au tuvumilie? Mimi niliulizwa swali hili Desemba 2025, na nusura nijibu vibaya. Nimeona yafaa niandike niliyojifunza, maana fedha zilizokuwa hatarini hazikuwa zangu, bali za mama.

Mama ana duka dogo la steshenari huko Ujiji. Hutoa nakala, hupiga chapa barua, na huwajazia vijana maombi ya kazi na ya mikopo. Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yatokapo, wazazi hupanga mstari kutaka kuchapiwa fomu za kujiunga. Kazi yote hiyo hutegemea kompyuta moja ya mezani. Prosesa yake ni Core i3-4130, RAM ilikuwa gigabaiti 4, na diski yake ni ile ya kuzunguka. Likizo ile ilichukua dakika 4 tangu kuwashwa hata kuwa tayari, na wateja walikwisha kuanza kuhamia duka la jirani.

Mama alikuwa na akiba ya shilingi 650,000. Nia yake ilikuwa kuezeka upya chumba cha nyuma wanamolala wadogo zangu, kwa kuwa bati lake lilivuja. Mjomba akamshauri bati lingoje, anunue kwanza kompyuta iliyotumika yenye prosesa ya kizazi cha 8, iliyokuwa ikiuzwa mjini Kigoma kwa shilingi 620,000. "Dada, hata Liemba ilibadilishwa mashine," alisema.

Mama akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma somo la kompyuta. Wasemaje?"

Nami, bila hata kuitazama ile kompyuta, nikajibu kwamba mjomba amesema kweli. Naungama hapa kuwa nilikuwa nikiwaza michezo nitakayocheza. Usiku ule mvua ilinyesha, nikamsikia mama akipanga sufuria chini ya matone. Asubuhi nikamwomba mama na mjomba wanipe siku 3 nichunguze kwanza.

Tuanze na prosesa yenyewe. Ni kipande kidogo ndani ya kompyuta kifanyacho hesabu na kutimiza amri za programu. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilianza kuuza prosesa iitwayo 4004, iliyokuwa na transista 2,300 hivi katika kipande kimoja. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Gordon Moore alikuwa ameona kwamba idadi ya transista ziwezazo kutiwa katika kipande kimoja huongezeka maradufu kila mwaka; mwaka 1975 akasahihisha kuwa ni kila miaka 2. Kwa muda mrefu mapigo ya prosesa nayo yalipanda pamoja na idadi hiyo. Lakini kuanzia mwaka 2005 hivi, joto lilikuwa kizuizi kikubwa. Watengenezaji wakaona heri kuongeza viini, yaani kuweka wafanya kazi wawili, wanne au sita katika prosesa moja, kuliko kumchapa mbio mfanya kazi mmoja.

Ndiyo sababu tarakimu za gigahezi peke yake zaweza kumpoteza mnunuzi. Core i3-4130 yetu, ya mwaka 2013, ina gigahezi 3.4 na viini 2. Core i5-8400, ya mwaka 2017, mapigo yake ya kawaida ni gigahezi 2.8 tu. Asiyejua atadhani ile ya zamani ndiyo yenye nguvu. Kumbe hii mpya ina viini 6, yaweza kupanda hadi gigahezi 4.0, na katika kila pigo hufanya kazi nyingi zaidi. Basi mjomba hakusema uongo: prosesa mpya ni bora. Lakini swali letu lilikuwa jingine: je, prosesa ndiyo iliyokuwa ikituchelewesha?

Jambo hili halijibiwi kwa kukisia. Katika Windows, ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hufunguka dirisha la Task Manager, lionyeshalo kila sehemu inafanya kazi kiasi gani. Nilikaa dukani nikiandika katika daftari kila kompyuta iliposita. Mara nyingi prosesa ilikuwa haijafika hata asilimia 20. Diski ilikuwa asilimia 100. RAM nayo ilikuwa karibu kujaa.

Ili kuelewa maana yake, twende Kibirizi asubuhi, mitumbwi ya dagaa inapofika. Mtumbwi uliojaa ni diski. Kapu libebalo dagaa hadi mahali pa kuanikia ni njia ya kutoka katika diski. Jamvi alilonalo mwanikaji mbele yake ni RAM, na mikono yake ni prosesa. Kama kapu ni moja, na mbebaji wake anachechemea, mwanikaji hodari atakaa mikono mitupu akingoja. Umwongezee waanikaji watano wengine, nao watakaa wangoje. Tena jamvi likiwa dogo, dagaa wengine hurudishwa mtumbwini ili kupata nafasi, kisha huletwa tena. Kompyuta hufanya vivyo hivyo RAM ijaapo: hutumia diski badala ya RAM, na safari za kapu huzidi.

Hesabu yaonyesha wazi. Diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8 na kidogo. Ili kupata kitu, kwa wastani hungojwa nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4, mbali na muda wa mkono wa diski kusogea. Prosesa ya gigahezi 3.4 hupiga mara bilioni 3.4 kwa sekunde. Katika milisekunde 4 hizo, yapita mapigo zaidi ya milioni 13. SSD haina sahani izungukayo wala mkono usogeao, ndiyo maana hujibu upesi kupita kiasi ukiilinganisha na hiyo.

Sasa tuje kwenye kanuni ambayo Gene Amdahl aliitolea hoja mwaka 1967. Kwa maneno mepesi ni hii: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida utakayoipata haiwezi kupita muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikiutumia. Kuwasha kompyuta yetu kulichukua sekunde 240. Kwa makadirio yangu, 200 zilikwenda kuingoja diski, na 40 zilikuwa za prosesa.

Tukiweka prosesa yenye kasi mara 2: 200 + 20 = sekunde 220.

Tukiweka diski yenye kasi mara 5 tu: 40 + 40 = sekunde 80.

Nilipomwonyesha mama hesabu hii, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kumbe ningelipa laki sita kupunguza sekunde 20?" Nikamjibu kwamba si hivyo kabisa, kwa kuwa ile kompyuta ya mjini ingekuja na diski yake. Lakini ni kweli kwamba sehemu kubwa ya nafuu ingetoka katika diski, wala si katika prosesa aliyokuwa akisifiwa.

Yapo mambo mengine mawili ambayo kila mwenye kutaka kubadili prosesa sharti ayajue.

La kwanza ni kama inakaa. Prosesa haichomekwi popote. Madabodi, yaani ubao mkubwa unaobeba vipande vyote, una kikalio cha aina moja tu. Kikalio cha Core i3-4130 huitwa LGA 1150, na cha Core i5-8400 ni LGA 1151. Tena kizazi cha 4 hutumia RAM aina ya DDR3, na madabodi za kizazi cha 8 kwa kawaida hutumia DDR4. Basi atakaye kutoka kizazi cha 4 kwenda cha 8 habadili prosesa peke yake. Hubadili prosesa, madabodi na RAM. Katika kompyuta nyingi za kupakata za siku hizi mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa prosesa imeunganishwa kwa risasi na haitoki.

Hapo nikamrudia mjomba na habari yake ya Liemba. Meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa mwaka 1916, kisha Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Katika miaka ya 1970 mashine zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Bodi halikutupwa. "Mjomba," nilisema, "Liemba yenyewe yatufundisha kubadili sehemu inayohitaji kubadilishwa na kuacha iliyo nzima." Mjomba akacheka, akasema shule inanifundisha ubishi. Lakini aliliomba daftari langu, akazisoma hesabu mara mbili.

La pili ni tarehe, nalo lilimpa mjomba haki kidogo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubali prosesa ya kizazi cha 4. Kwa upande wa Intel, karibu zote zikubaliwazo ni za kizazi cha 8 na kuendelea, na kompyuta sharti iwe na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta isiyopata masahihisho ya usalama haifi siku ile, lakini kila mwezi upitao huwa mlango usio na komeo, na katika duka la mama hupita vyeti na namba za vitambulisho vya watu. Kwa wenye kujiandikisha, kampuni ilitoa mwaka mmoja wa nyongeza wa masahihisho hayo, hadi Oktoba 2026. Mwenye kutumia Linux hafungwi na tarehe hiyo, tena haina malipo. Lakini wateja wa mama huleta kazi za Word, naye hakutaka mpangilio wa kurasa zao uvurugike.

Basi tulikata shauri hivi. Kwanza nilinakili kazi zote za wateja katika flashi mbili. Kisha fundi akatuwekea SSD ya gigabaiti 240 kwa shilingi 75,000, na RAM ya gigabaiti 4 zaidi kwa shilingi 35,000. Jumla ni 110,000. Tukaiandikisha Windows 10 kwa mwaka wa nyongeza. Katika 540,000 zilizobaki, 310,000 zilinunua bati na misumari, na 230,000 zikawa mwanzo wa akiba ya kompyuta nyingine, kabla ya Oktoba 2026. Siku tuliyoiwasha nilishika saa mkononi: sekunde 52. Makadirio yangu yalikuwa 80, kwa kuwa SSD ilizidi kasi ile ya mara 5 niliyoikisia. Mama alidhani haijazimwa sawasawa, akaniambia niizime tena.

Sisemi kwamba prosesa mpya haifai. Nasema tujiulize maswali manne kabla ya kutoa fedha: Kompyuta hii hufanya kazi gani? Ikisita, ni sehemu gani inayongojwa? Kipande kipya kitakaa katika madabodi iliyopo? Na programu zake zitahudumiwa hadi lini? Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nilikitaka kipya, na kidonda kingekuwa cha wadogo zangu, ambao wangelala tena masika nzima chini ya bati linalovuja.

Zoezi kwa msomaji: Kijana mmoja hukata na kuunga picha za video za harusi. Kutayarisha video moja humchukua dakika 100. Katika hizo, 90 ni za prosesa na 10 ni za diski. (a) Itachukua dakika ngapi akiweka prosesa yenye kasi mara 3? (b) Itachukua dakika ngapi akiweka diski yenye kasi mara 5? (c) Utamshauri abadili nini? Ukimaliza, utaona kwamba shauri lililotufaa sisi Ujiji lingempoteza yeye.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne