Manukato na Haki ya Ngozi

Kujitia manukato ni jambo jema, na kwa mwanamume aendaye kusali Ijumaa ni sunna. Lakini harufu nzuri ni pambo. Si dawa ya ngozi, wala si dalili ya usalama.

Wengi wetu tuliopanda Wundanyi kutoka pwani tumekuja na ada zetu. Huku milimani baridi huikausha ngozi hata ikapasuka, na watu huipaka mafuta yenye harufu kali wakidhani wanaiponya. Kumbe ngozi iliyopasuka huyapenyeza zaidi, ikawasha na kuvimba.

Wako wasemao: "Haya ni ya asili, hayadhuru." Tuyatazame mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba: ndani yake mna eujenoli, ambayo ikipakwa bila kuzimuliwa yaweza kuunguza. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliamuru vitu 26 vya manukato, nayo ikiwamo, vitajwe kwa majina juu ya chupa vinapozidi kiwango maalumu. Mwaka 2023 orodha ikapita 80. Kwani ngozi ikishakikataa kitu, aghalabu hukikataa maisha.

Basi yafaa tufukize udi nguoni, na marashi tuyanyunyize huko huko. Mafuta mapya tuyajaribu kidogo ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni, kwa siku 7. Mtoto mchanga na mwenye ngozi mbovu wapakwe yasiyotiwa harufu. Aliyevimba aache, amwendee tabibu. Mwili ni amana, na amana haichezewi.