Somo Letu: Kichwa Kinachomlaza Askari Chini



Somo la leo mwanzoni litaonekana ni la watu wa mbali, lakini limekwisha kuingia katika nyumba zetu. Vijana wa Kenya waliokwenda Marekani na kupata grini kadi, baadhi yao wamejiunga na jeshi la huko. Sheria ya nchi hiyo inamruhusu mwenye grini kadi kuandikwa jeshini hata kabla hajawa raia. Wako waliopelekwa Iraki, na wako waliopelekwa Afghanistani kabla ya vita hivyo kwisha mwaka 2021. Wamerudi, tukamshukuru Mungu. Lakini je, wamerudi wazima?

Mama mmoja katika jumuiya tunayoitembelea alitusimulia habari za kijana wake. Alikuja nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Siku ya tatu akajifungia chumbani, akaziba dirisha kwa blanketi, akatapika, hakutaka kusikia hata redio. Majirani wakasema ni pombe. Wengine wakasema ati amerogwa. Kumbe gari lake lililipukiwa na bomu huko Afghanistani, na tangu siku ile kichwa humshika karibu kila mwezi. Mama akamwuliza kama ameipeleka shida hiyo kwa serikali aliyoitumikia. Akajibu, "Mama, nani atamlipa mtu kwa sababu kichwa kinamwuma?"

Jibu la swali hilo ndilo somo letu.

KWANI MAUMIVU YA KICHWA NI ULEMAVU?

Ndiyo, yakimzuia mtu kufanya kazi. Hatusemi kichwa cha jua kali au cha njaa. Tunasema ugonjwa unaoitwa kipandauso. Mara nyingi hupiga upande mmoja wa kichwa. Mwanga na kelele huwa adui, tumbo huchafuka, na bila dawa shambulio moja laweza kuchukua saa 4 hata siku 3. Pia aliyeumia ubongo kwa mlipuko au kwa kuanguka anaweza kubaki na maumivu ya kichwa kwa miaka, ingawa nje hana kovu.

Huko Marekani idara ya askari wastaafu inajulikana kwa herufi VA. Hulipa fidia ya kila mwezi kwa ulemavu uliotokana na utumishi, na ulemavu hupimwa kwa asilimia. Kwa kipandauso vipimo ni hivi:

- Asilimia 50: mashambulizi ya mara kwa mara sana, ya muda mrefu, yanayomlaza mtu kabisa na kumharibia riziki vibaya.
- Asilimia 30: yanamlaza, kwa wastani mara 1 kwa mwezi, katika miezi kadhaa iliyopita.
- Asilimia 10: yanamlaza, kwa wastani mara 1 katika miezi 2.
- Asilimia 0: yanakuja kwa nadra kuliko hapo.

Asilimia 50 ndicho kipimo cha juu kabisa cha ugonjwa huu. Wala sifuri isidharauliwe. Haina malipo, lakini maana yake ni kwamba serikali imekubali ugonjwa ulitoka jeshini. Ukizidi baadaye, mtu ataomba kipimo kipandishwe.

Hebu tuliangalie neno "kumlaza". Swali kubwa si kichwa kinauma kiasi gani. Swali ni: je, kinakuangusha kitandani? Mara ngapi? Kazini umepoteza nini?

MAMBO MATATU YA KUTHIBITISHA

1. Ugonjwa upo sasa, na daktari ameuandika.
2. Kuna jambo lililotokea jeshini: mlipuko, ajali, au maumivu yenyewe kuanzia huko.
3. Kuna kamba inayofunga hayo mawili. Mara nyingi ni maandishi ya daktari akieleza kwa nini anaona moja limetokana na lingine.

Iko njia nyingine pia. Kama VA imekwisha kukubali ulemavu mwingine, kwa mfano jeraha la ubongo, na huo ndio ulioleta maumivu ya kichwa, basi maumivu hayo nayo yaweza kukubaliwa. Na waliotumikia eneo la vita vya Ghuba tangu tarehe 2 Agosti 1990 wana sheria yao: maumivu ya kichwa ya muda mrefu ambayo madaktari wameshindwa kuyapatia jina yaweza kuhesabiwa kuwa yametoka huko.

DAFTARI NA SHAHIDI

Hapa ndipo wengi huanguka. Askari amefundishwa kuvumilia. Kichwa kikiuma anameza Panadol kimya kimya, anajifunika, kesho anaenda kazini. Hakuna aliyeandika. Mkono uliokatika unajionyesha wenyewe, lakini kichwa kinachouma hakionekani. Kwa hiyo mgonjwa awe na daftari. Kila shambulio aandike tarehe, saa lilipoanza na kwisha, dawa aliyomeza, kama alilala, na siku ya kazi aliyopoteza. Daktari akimwuliza, asijibu kwa adabu kwamba yuko sawa. Aseme kweli, asizidishe wala asipunguze.

Nasi wa nyumbani tuna kazi. VA hupokea barua ya mashahidi: mke, mzazi, mwenzake wa jeshini, au msimamizi wa kazi. Kuandika "Mwanangu anaumwa sana na kichwa" hakusaidii sana. Afadhali hivi: "Tarehe 22 Desemba alilala gizani tangu saa mbili asubuhi mpaka kesho yake jioni. Hakula. Alitapika mara tatu. Nilimshika mkono kumpeleka choo." Andika ulichokiona kwa macho yako tu.

TUSICHELEWE

Mtu hajafungiwa mlango kwa sababu miaka imepita. Lakini akichelewa hupoteza malipo. Akiomba ndani ya mwaka 1 baada ya kutoka jeshini, malipo yaweza kuhesabiwa tangu kesho yake ya siku aliyotoka. Kama hajakusanya karatasi, anaweza kwanza kuijulisha VA kwamba ana nia ya kuomba. Tarehe hiyo hulindwa kwa mwaka 1. Ombi likikataliwa asikate tamaa. Tangu mwaka 2019 ziko njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa juu zaidi aliangalie upya, au kwenda kwenye Bodi ya rufaa. Achukue hatua ndani ya mwaka 1.

Anayerudi kuishi Kenya haachi fidia yake uwanja wa ndege. Humfuata. Tena VA ina mpango wa kulipia matibabu nje ya Marekani kwa ugonjwa iliokwisha kuukubali.

Tahadhari: vipo vyama vya askari wastaafu vyenye wasaidizi walioidhinishwa na VA, nao hawatozi kitu. Anayedai pesa ili akuandikie ombi la kwanza, mkimbie.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika jumuiya yetu, ni nani tunayemwita mlevi au mvivu bila kumwuliza anaumwa nini?
2. Kwa nini wanaume wetu huona haya kusema wanaumwa?
3. Tunaweza kumsaidiaje mzazi asiyejua kuandika kutoa ushuhuda wake?

Yule mama tulimweleza haya yote, akanyamaza kidogo. Kisha akatuma mtoto dukani kununua daftari la kurasa 48. Ukurasa wa kwanza aliandika yeye mwenyewe, habari za siku ile ya blanketi dirishani. Wa pili alimwachia kijana wake.