Kijiti Kisirudi Sufuriani
Kijitabu cha nyumbani kuhusu kutoa malaika kwa nta na halawa, kwa familia za Kikambala na majirani zake

Kutoa malaika ya mwili si jambo geni kwetu. Kabla saluni za kando ya barabara ya Mombasa na Malindi hazijaanza kuandika "waksi" ukutani, nyanya zetu walikuwa wakipika halawa ya sukari na ndimu, na biharusi akitolewa malaika kabla ya kusingwa. Waislamu nao wamefunzwa kutoacha nywele za kwapa na za sehemu za siri zipitishe siku 40. Siku hizi wanaokwenda saluni ni wengi zaidi: wasichana wanaofanya kazi kwenye hoteli za ufuoni, wageni, mabiharusi, hata wanaume wenye nywele nyingi mgongoni. Kijitabu hiki hakimkatazi mtu. Tunachotaka ni kila anayelala kwenye kitanda cha saluni ainuke na ngozi yake ikiwa salama.

Ngozi inafanywa nini

Nta ikishika unywele kisha ikavutwa, unywele hung'oka na shina lake. Nyuma yake hubaki kitundu kilicho wazi, na utando wa juu wa ngozi nao hubanduka kidogo. Ngozi huhitaji siku moja au mbili kutulia. Katika muda huo, bakteria aitwaye stafilokokasi, anayeishi puani na kwenye ngozi za watu wengi bila kuwadhuru, hupata mlango. Hapo ndipo vinapoanzia vipele vya usaha na majipu ya kwapani.

Pengine hutoka na damu, hasa kwapani na sehemu za siri ambako nywele ni nene. Ni tone dogo kama ncha ya sindano, likipanguswa limekwisha. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 vikiwa bado vina nguvu ya kuambukiza. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huo mwaka 2001, kwa hiyo wateja wengi, na wasusi wenyewe, walizaliwa kabla ya chanjo hiyo kuwafikia watoto. Msusi anayeshika ngozi za watu kutwa nzima aulizie chanjo ya watu wazima kwenye kituo cha afya. Ni haki yake kama ilivyo ya mteja.

Kijiti

Haya ndiyo tunayoomba yasomwe kwa sauti nyumbani, mabinti wasikie.

Nta ya saluni hukaa kwenye kijisufuria cha umeme kuanzia asubuhi hadi jioni. Msusi huchota kwa kijiti cha mbao, kama kile cha daktari cha kubonyezea ulimi, akaipaka kwapani, akavuta. Kisha kijiti kilekile hurudi sufuriani kuchota tena. Kimebeba nini? Jasho, maganda ya ngozi, nywele, na pengine lile tone la damu. Mteja wa nne anapokuja saa tisa, anapakwa nta iliyokwisha kupita kwenye makwapa ya watatu.

Wengi husema nta ni ya moto, wadudu wamekufa. Si kweli. Joto linaloweza kuvumiliwa na kwapa lako haliwezi kuua vijidudu vyote. Nta ingechemka kiasi hicho, ungetoka na malengelenge.

Mimi mwandishi niliwahi kunyamaza. Ilikuwa wiki ya harusi ya mdogo wangu, nikaona kijiti kikienda na kurudi, nikaona haya kusema. Siku ya tatu kwapa la kulia lilikuwa na vipele vyekundu vyenye vichwa vyeupe, na siku ya hina sikuweza kuinua mkono kupiga kigelegele. Tangu hapo nasema, na maneno si mengi:

"Samahani dada, kila ukichota naomba uchukue kijiti kipya. Pesa ya vijiti nitaongeza."

"Aa shoga, usihofu. Mimi kila mteja na kijiti chake."

"Najua, dada. Lakini sufuria ni moja, na aliyenitangulia naye alichovya chake."

Kama vijiti ni haba, ipo njia nyingine: achote nta ya kukutosha aitie kwenye kikombe cha karatasi, atumie hiyo, na itakayobaki itupwe. Nta ya kusukuma kwa rola nayo ina shida ileile, kwa sababu rola hugusa ngozi ya kila mtu.

Mengine ya kutazama ukifika: amenawa mikono kwa sabuni, amevaa glavu mpya, kitanda kimetandikwa karatasi au shuka safi, na nta ameijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wake. Vibano na mikasi vioshwe kwa sabuni, kisha vilowekwe dakika 10 katika jiki. Jiki ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, na vifaa visuuzwe vizuri baadaye, maana jiki hula chuma.

Anayepaswa kungoja

Mwenye kidonda, upele, au ngozi iliyobabuka kwa jua la ufuoni angoje ipone. Anayetumia mkorogo asipakwe nta mahali hapo kabisa: dawa hizo hudhoofisha ngozi, na nta huondoka nayo kama ganda la kitunguu. Aliyemeza vidonge vya chunusi vya isotretinoini angoje miezi 6 baada ya kuviacha. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.

Kwa mwenye kisukari tunasisitiza zaidi. Mwaka 2007 madaktari wa Australia walichapisha habari za msichana wa miaka 20 mwenye kisukari kisichodhibitiwa, aliyetolewa nywele za sehemu za siri kwa nta. Ngozi ilishikwa na maambukizi makali, akaingia hatarini kupoteza maisha. Alipona hospitalini. Kama sukari yako inapanda na kushuka, punguza nywele kwa mkasi safi tu.

Halawa ya jikoni

Halawa ya kupikwa nyumbani ina sifa nzuri: huyeyuka kwa maji, na kila mtu hutumia donge lake kisha akalitupa. Hatari yake iko jikoni. Shira ya sukari huwa ya moto kupita maji yanayochemka, nayo hunata. Watoto wasikaribie jiko, na donge lisiguswe mpaka lipoe kiasi cha kukandika mkononi.

Ikimmwagikia mtu, mpelekee maji ya kawaida yanayotiririka, au mmiminie kwa kata, dakika 20 nzima. Usibandue kwa nguvu. Maji yenyewe yataiyeyusha sukari. Dawa ya meno, yai na barafu visitumike. Lengelenge lisitumbuliwe.

Siku mbili za kwanza

Vaa nguo ya pamba isiyobana. Usiingie baharini, usikae juani, usipake marashi wala dawa ya kwapa yenye manukato. Biharusi atolewe malaika siku mbili au tatu kabla ya singo, kwa sababu kusugua ngozi iliyo wazi ni kuipeleka kwenye vipele. Oga maji safi yasiyo moto. Kama kisima chenu ni cha maji ya chumvi, maliza kwa kujisuuza na maji ya mvua au ya bomba. Wekundu mdogo na muwasho wa siku moja ni wa kawaida. Usikune wala kukamua: kwenye ngozi nyeusi kila kipele kilichokamuliwa huacha doa la miezi, na kwa wengine kovu linalovimba.

Unywele ukijikunja ndani ya ngozi, uweke kitambaa chenye maji ya vuguvugu, uache utoke wenyewe. Usirudie nta mpaka nywele zifikie urefu wa punje ya mchele.

Wekundu ukizidi baada ya siku ya pili, uchore mpaka wake kwa kalamu ya wino na uandike saa. Ukiuvuka mpaka huo, au ukapata homa, tezi za kinena au za kwapa kuvimba, au mistari myekundu inayopanda, nenda siku hiyohiyo kituo cha afya cha Mtwapa au Vipingo, na umwambie muuguzi bila haya ni wapi ulipotolewa nywele na ni lini.